Baba, Toka Utembee

Dodoma, 11 Machi 1912

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Mbwana, Mpwapwa.

Shikamoo baba. Mimi mwanao sijambo, na mume wangu Shaaban hajambo, anakuamkia sana. Wasiwasi wetu ni wewe.

Zaidi, yule mchuuzi wa ngozi, alipita kwetu juzi akitoka Gulwe. Nilipomuuliza habari zako akaanza kutazama viatu vyake. Nikamwambia, "Zaidi, mimi si mtoto, sema." Ndipo akasema kwamba tangu arobaini ya mama imalizike hujakanyaga nje ya mlango. Miguu imevimba hata viatu haviingii. Uji unaletewa na jirani, Bi Tabu, na ukiinuka kitandani unahema kama umepanda mlima.

Baba, wewe umekwenda Tabora na kurudi pwani mara kumi na moja, bendera mkononi na watu mia tatu nyuma yako. Miguu ile haikuumbwa ilale. Nakuomba kitu kimoja tu. Toka asubuhi, jua halijawa kali, ushuke mtaa wetu kutoka mlangoni mpaka uwanja wa kambi ya misafara. Ukichoka kaa kwenye baraza la mtu, kisha urudi, halafu uniandikie ulichokiona.

Hapa Dodoma hakuna mtaa wa kutembea. Stesheni ina miaka miwili, nyumba ni za mabati yaliyopangwa mstari kama askari, na upepo unakujaza vumbi kinywani kabla hujamaliza salamu. Hakuna ukuta hata mmoja ambao mtu aweza kusema, hapa babu yangu aliegemea.

Shaaban ataipeleka karatasi hii stesheni mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Batuli


Mpwapwa, 2 Aprili 1912

Kwa mwanangu Batuli.

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mwambie Shaaban nampa salamu.

Zaidi ana mdomo mrefu. Nikimpata nitamkumbusha kuwa anauza ngozi, hauzi habari za watu.

Unasema nitoke. Nitoke niende wapi? Reli imepita Gulwe ikatuacha huku pembeni kama sufuria lililotoboka. Tangu hapo hakuna msafara uliopiga hodi Mpwapwa. Nilikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi na kuwaonyesha njia. Leo nikitoka nitamtangulia nani? Kuku wa Bi Tabu?

Tena mtu wa kunitoa nje alikuwa mama yako. Ndiye aliyekuwa akinitupia kanzu alasiri na kusema, "Mbwana, inuka, mtaa unakungoja." Sasa hakuna anayenitupia kanzu. Nimetembea ya kunitosha, Batuli. Niache nikae.

Ila nina swali. Umejaza karatasi nzima kwa miguu yangu. Habari zako mwenyewe ziko wapi? Hata mstari mmoja sikuuona.

Baba yako,
Mbwana


Dodoma, 20 Aprili 1912

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuombea uzima na pumzi. Barua hii haipiti kwa Shaaban. Anaipeleka Mwanahawa, jirani yangu anayeuza vitumbua stesheni, na jibu nalo lipitie kwake. Ile ya kwanza Shaaban aliisoma kabla ya kuifunga, ndiyo maana hukuona habari zangu.

Nitakueleza yote, lakini usimchukie kabla hujafika mwisho.

Nilipofika hapa mwaka jana nilikuwa natembea kila asubuhi. Unajua nilivyo, mtoto wa mtaani kwetu, nisipotembea kichwa hakinyooki. Mwezi wa Januari nilifuata barabara mpya mpaka zinakoishia nyumba za Wazungu wa reli. Sikujua ni marufuku. Wamepanda maua, nikasimama kuyatazama. Askari akanishika, akaniuliza cheti. Cheti gani? Nikamtaja mume wangu, nikidhani ataniacha.

Walimwita Shaaban kutoka ghala la mizigo. Mzungu mmoja alisema mwanamume asiyejua mkewe yuko wapi hafai kushika funguo za ghala. Akapigwa viboko kumi na tano, vibarua wake wakitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, baba.

Hakunigombeza. Alirudi nyumbani akitembea polepole, akalala kifudifudi siku mbili. Siku ya tatu akanunua kufuli. Aliniambia, "Batuli, ukitoka tena, kinacholipa ni mgongo wangu. Nisamehe." Kila asubuhi anafunga lango la uani kwa nje na ufunguo anakwenda nao kazini.

Ni miezi mitatu sasa. Uani ni hatua ishirini na mbili kwa kumi na nne. Nimezihesabu hata sitaki tena kuzijua. Chakula hakishuki. Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Wakati mwingine nasikia kuta zinasogea, najua hazisogei, lakini nasikia. Nikipiga kelele watu watasema mke wa Shaaban kaingiwa na wazimu, na yeye atakuwa amepigwa mara ya pili.

Basi sikukuomba utembee kwa ajili ya miguu yako peke yake. Tembea kwa ajili yangu. Nipitishe nyumba kwa nyumba. Mlango wako hauna kufuli.

Mwanao,
Batuli


Mpwapwa, 6 Mei 1912

Mwanangu Batuli,

Nakusalimu sana. Nimekaa na barua yako siku nzima. Shaaban simchukii. Nimewahi kupigwa mbele ya watu wangu, najua mtu anavyorudi nyumbani siku hiyo.

Basi nimetoka, kwa ajili yako.

Nilivaa kanzu ya Ijumaa, nikachukua fimbo. Nimeshuka mkono wa kulia, upande wenye kivuli. Baraza la kwanza ni la Mustapha fundi cherehani, unalikumbuka, lile lenye jiwe lililolika katikati kwa kukaliwa. Mustapha yupo, miwani puani, anashona kanzu na kuwasema wapita njia kama kawaida yake. Tumesalimiana mpaka jua likasogea. Mbele yake ni mlango wa nakshi wa Mwarabu, yule aliyekuwa akinunua pembe. Nimeupapasa ule msumari wa shaba uliokuwa ukiurukia ukiwa mdogo. Kisha msikiti mdogo. Kisha duka la Jivan, vitambaa vimetundikwa nje, kaniki na marekani na kile chekundu alichokipenda mama yako. Jivan kanipa kiti. Kumbe bado wapo wapagazi wachache wa Kinyamwezi wanaopita njia ya zamani. Walikuwa wameegesha mizigo ukutani wakila karanga.

Akina mama wa Kigogo wamekaa na vibuyu vya maziwa mahali pao pale pale, chini ya milima ya Kiboriani. Nimeishia hapo. Kesho nitafika mbali zaidi.

Soma polepole, utembee nami.

Baba yako,
Mbwana


Dodoma, 19 Juni 1912

Baba mpenzi,

Shikamoo, na ahsante. Barua zako zote tatu za kutembea mtaani zimefika. Miguu yako inaendeleaje? Hujaniambia kama uvimbe umepungua.

Nakueleza nifanyavyo. Shaaban akishaondoka nashika barua mkononi na kuanza kuzunguka uani. Kona ya jiko ndiyo baraza la Mustapha. Kwenye mtungi ndipo mlango wa Mwarabu. Kamba ya nguo ndiyo duka la Jivan, na pale nainama kidogo nisigonge vitambaa. Nazunguka mpaka jasho linitoke. Mwanzoni nilikuwa nachoka baada ya mizunguko kumi, sasa nafika sitini. Wiki iliyopita nilisikia njaa, njaa ya kweli, nikala ugali na mlenda mpaka Shaaban akaacha kula akawa ananitazama. Nalala pia.

Jumapili alinikuta nikizunguka na kusema peke yangu. Uso wake ukabadilika. "Batuli, unasema na nani?" Nikamwambia, "Namsalimia fundi Mustapha." Nikaona hofu yake, basi nikamkalisha nikamsomea barua zote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Na baada ya hapo kuna nini?" Nikamwambia nangoja baba aniandikie.

Kitu kimoja tu. Mwanahawa anasema karibu na stesheni kafungua duka Mhindi mmoja aliyetoka Mpwapwa, jina lake Jivan, na amekuja na mabati ya paa lake la zamani. Ni miezi minne sasa. Nimemwambia lazima ni Jivan mwingine.

Usiache hata siku moja, baba. Nangoja.

Mwanao,
Batuli


Dodoma, 27 Agosti 1912

Baba,

Shikamoo. Ni miezi miwili hujaandika. Nimetuma salamu kwa Zaidi, nikaambiwa yuko Kondoa. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote mwenye kalamu aniandikie. Kama nilikuudhi kwa neno la Jivan, nisamehe.

Nilizisoma zile barua tatu mpaka zikaisha utamu, kisha nikaacha kuzunguka. Sikuwa na pa kwenda. Kuta zikaanza tena.

Shaaban aliona. Wiki iliyopita alirudi saa za mchana, wakati si wake, kashika karatasi yenye mhuri. Alikwenda ofisini, akasimama mbele ya yule yule Mzungu, akamwomba cheti cha mkewe. Sijui alisimamaje pale. Aliniambia, "Barabara ya stesheni na soko la asubuhi. Upande wa maua, hapana." Akalitundika kufuli kwenye msumari, akaacha lango wazi, akarudi kazini mbio.

Baba, sikutoka.

Nilijitanda kanga, nikafika langoni, nikaona barabara, watu wanapita, punda, mwanamke na kuni zake. Miguu ikakataa. Jasho likanitoka mikononi, masikio yakaziba, nikajikuta nimekaa chini kama mgonjwa. Nikafunga lango mwenyewe, nikarudi ndani. Kesho yake vivyo hivyo. Leo ni siku ya sita.

Shaaban anadhani nimemnunia. Jana alisema, "Nimekuletea cheti, unataka nikuletee nini tena?" Nimwambie nini? Miezi yote nimelilia lango, sasa liko wazi na mimi ndiye niliyelifunga.

Wewe ulitokaje, baba? Siku ile ya kwanza, miguu imevimba, mama hayupo, ulifanyaje ukatoka? Niambie ulivyofanya, nami nitafanya hivyo hivyo.

Mwanao,
Batuli


Mpwapwa, 12 Septemba 1912

Mwanangu Batuli,

Nakusalimu. Mimi mzima. Kaa chini usome, na mbele ya yote unisamehe.

Nilikudanganya. Barua zile tatu niliziandika nikiwa kitandani. Sikutoka, Batuli. Nilifumba macho nikaupita mtaa kama ulivyokuwa mama yako yu hai, na nikakuandikia. Fundi Mustapha alihama baada ya wewe kwenda Dodoma. Jivan wa Dodoma ndiye Jivan wetu, na mabati uliyosikia ndiyo yake. Wapagazi niliwatunga. Nilijiambia mtoto amefungiwa, anataka mtaa, mtaa nitampa, kuna ubaya gani?

Kisha ukaniandikia kwamba unazunguka mpaka jasho likutoke, na kwamba mumeo ameinamisha kichwa akisikiliza. Wewe kwenye hatua ishirini na mbili umetembea kwa bidii, na mimi mwenye mji mzima nimelala. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Sikutaka kukuandikia neno tena mpaka miguu yangu ipite kila mahali ambapo kalamu yangu ilipita. Ndiyo miezi miwili hiyo. Sikujua kwamba kimya changu kinakurudisha ukutani. Hilo nalo nisamehe.

Unauliza nilitokaje. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nimeshika mwimo. Nilisimama mpaka kivuli cha nyumba kikaniacha. Bi Tabu akapita na maji kichwani, akasema, "Mzee, unatoka au unaingia?" Nikamwambia sijui. Akacheka, akapita. Nikarudi ndani. Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza, mimi niliyekwenda Tabora mara kumi na moja.

Siku ya pili nikakaa kizingitini, miguu nje. Ya tatu nikaliendea baraza la Mustapha. Halina paa. Ndani wamefungwa mbuzi. Jiwe lile lipo, nikalikalia nikalia kama mtoto, na mbuzi wananitazama. Jioni ile miguu ilivimba zaidi, nikasema basi, nimekufa. Lakini nililala, na asubuhi nilitaka kujua mlango wa Mwarabu ukoje. Umeng'olewa, umebaki ukuta tu. Duka la Jivan ni nguzo nne. Uwanja wa kambi umelimwa mtama. Nimefika kote huko, Batuli, kwa siku arobaini na kitu, na kila nilipofika palikuwa pabaya kuliko nilivyokuandikia.

Sasa sikiliza ajabu. Kadiri mtaa ulivyonionyesha ubovu wake, ndivyo mimi nilivyopona. Uvimbe umekwisha, viatu vinaingia. Napanda mpaka bomani bila kuhema. Nilidhani nikipita pale mama yako alipokuwa akinunua kitambaa nitaanguka. Nilipita, nikasimama, nikalitaja jina lake kwa sauti, nikaendelea. Kitandani sikuweza kulitaja. Na watu wapo. Si wengi, lakini wananisalimu, wananiuliza njia hii ilikuwaje, na nikieleza nasikia kifua kinafunguka. Methusela, seremala wa misheni, sasa tunatembea pamoja kila asubuhi mpaka kwenye kijito. Yeye anasema sana, mimi naongoza.

Wiki jana nilikwenda bomani kuomba cheti cha kuja kwako. Wamenikatalia. Karani amesema watu wa misafara wa zamani wanatakiwa wasihamehame. Kwa hiyo sitaweza kuja kukushika mkono.

Basi usiende sokoni. Usiende stesheni. Simama langoni tu, mtu akupite, umsalimu, urudi. Ukishindwa hata hilo, kaa kizingitini. Na umwambie Shaaban ukweli. Aliyesimama mbele ya mtu aliyempiga akaomba cheti ataelewa mguu unavyokataa.

Baba yako,
Mbwana


Dodoma, 9 Oktoba 1912

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba viatu vinaingia. Nasema hilo kwanza kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Nilikasirika. Siku tatu sikutaka kuiona barua yako. Nilikuwa nimeinama chini ya kamba ya nguo nisigonge vitambaa ambavyo havipo. Nilikuwa namsalimia mtu aliyehama. Nilimwambia Shaaban, "Hata baba yangu ananifungia ndani ya kitu." Shaaban akasema, "Alikuwa amelala kitandani, Batuli. Alikupa alichokuwa nacho." Hapo nikalia, na nikamweleza habari ya miguu kukataa. Alikuwa hajui kabisa. Alishika mgongo wake, vile afanyavyo akiwa na mawazo, akasema, "Mimi nikipita mbele ya ofisi ile miguu inafanya hivyo hivyo. Napita tu kwa sababu nina kazi."

Siku ya kwanza nilikaa kizingitini. Ya nne nikamsalimia mwenye kuni. Anaitwa Yudith, anatoka upande wa Bahi, na siku hizi asiponiona anaita. Ya tisa nikafika ukuta wa Mwanahawa. Kisha tukaenda wote stesheni, yeye na sinia lake la vitumbua, mimi nimeshika kanga yake kwa nyuma. Askari akatusimamisha. Sijui kama ni yule yule, sikuweza kumtazama. Nikatoa cheti. Akakisoma, akanirudishia, akasema, "Pita." Neno moja tu, baba. Mwanahawa akamwuzia kitumbua pale pale.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Ziko siku nafika langoni narudi. Kufuli bado liko kwenye msumari, Shaaban hakulitupa, na mimi sijamwomba alitupe. Upande wa maua sitakanyaga. Lakini chakula kinashuka, na moyo unakwenda mbio nikitembea, si nikikaa.

Sasa sikia jambo lenyewe. Shaaban ameniombea ruhusa ya siku kumi. Cheti kimeandikwa tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, na nisiporudi siku hiyo ni mgongo wake tena, kwa hiyo nitarudi. Alhamisi ya wiki ijayo nitapanda gari moshi. Njoo Gulwe. Huko huhitaji cheti, ni wilaya yenu, na Methusela atakusindikiza. Usije na punda. Nataka kutembea kutoka Gulwe mpaka mlangoni, na kesho yake tushuke mtaa wote, kwa mbuzi wa Mustapha na nguzo nne na huo mtama. Usinisimulie kitu njiani. Nitauona mwenyewe.

Ila baba, Gulwe pana watu wengi na uwanja mkubwa. Huenda nikashuka kwenye gari nikasimama pale nisiweze kuinua mguu. Ukiona hivyo usinivute mkono, na usiniambie ni karibu. Simama na mimi tu. Tutasimama mpaka tutakapoondoka.

Mwanao,
Batuli